Uwanja wa Jinja, Laptopu ya Igoma

Faili linaitwa N00E033. Halifiki hata MB 30, ukishajiandikisha unalipakua bure, na ndani yake hamna picha. Ni namba tupu, karibu milioni 13, kila moja ikitaja kimo cha kipande kimoja cha ardhi kutoka usawa wa bahari. Eneo lote linaloanzia ikweta hadi nyuzi 1 kaskazini, kati ya nyuzi 33 na 34 mashariki, limo humo: visiwa vya Buvuma, mashamba ya miwa ya Kakira, mji wa Iganga, na Jinja, pale Nile inapotoka Ziwa Viktoria. Katika namba zote hizo, mimi nilikuwa na shida na mia tatu na ushei tu. Ndizo zinazoangukia uwanja wa gofu wa Jinja.

Nina steshenari hapa Igoma, Mwanza, hatua chache kutoka stendi ya daladala. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, najaza fomu za mtandaoni kwa wasiozielewa, na kompyuta ikigoma kuwaka naifungua nione ina nini. Biashara ya namna hii ina saa zake za kulala, hasa mchana baada ya ofisi kutulia, na ndizo saa ambazo nimejenga uwanja huo, shimo kwa shimo, uchezwe kwenye kompyuta. Mteja akichungulia huuliza kama ni ramani ya viwanja vinavyouzwa. Mwanza ukitaja gofu, mtu anakuuliza unahamia Arusha au Dar es Salaam.

Gofu niliijua kwa mabega. Wazazi wengi wa Kanda ya Ziwa waliokuwa na uwezo kidogo walipeleka watoto Uganda wakasome, na mimi nikaangukia Jinja. Zile likizo fupi ambazo nauli ya kurudi Mwanza haikuwa na maana, tuliokuwa tunabaki tulikuwa tunakwenda uwanjani kubeba mikoba ya wachezaji. Mbeba mkoba anaitwa kedi. Makedi wakubwa walikuwa na wachezaji wao wa kudumu. Sisi wanafunzi tulisubiri mabaki, yaani mzee asiyetoa bakshishi au mgeni asiyejua kupiga, ambaye mpira wake mnautafuta vichakani hadi jioni. Lakini mgeni asiyejua kupiga ni mwalimu mzuri wa uwanja. Anakupitisha kila mahali ambapo mchezaji hodari hafiki.

Kwa asiyeufahamu mchezo: uwanja kamili una mashimo 18, na kila shimo ni safari. Unaanzia kwenye kijukwaa cha nyasi, unapiga mpira mdogo upite njia ndefu ya nyasi zilizokatwa, ukikwepa nyasi ndefu, miti, maji na mabanka ya mchanga, hadi ufike kwenye grini, ambapo nyasi zimenyolewa karibu na udongo na kuna kitundu chenye kipenyo cha milimita 108. Anayefika kwa mapigo machache ndiye mshindi. Jinja ina mashimo 9. Ukitaka 18 unazunguka mara mbili. Uwanja umekaa kwenye mteremko wa upande wa Nile, na mtu aliyebeba kilo kumi na tano mgongoni haisahau miteremko yake.

Kujenga viwanja vya kweli ndani ya kompyuta si jambo jipya. Mwaka 1990 kampuni ya Accolade ya Marekani iliuza mchezo uliobeba jina la bingwa Jack Nicklaus, ukiwa na chombo cha mtu kujichorea uwanja wake mwenyewe. Miaka hiyohiyo michezo ya Links kutoka Access Software ya Salt Lake City ilikuwa ikionyesha viwanja halisi kwa uzuri ambao kompyuta za wakati huo zilichukua muda kuuchora, mti mmoja baada ya mwingine, mbele ya macho yako. Mwaka 2011 mchezo wa EA ulioitwa kwa jina la Tiger Woods ulileta Augusta National, uwanja wa mashindano ya Masters, ukiwa umepimwa kwa leza. Siku hizi kuna jamii kubwa ya watu Ulaya na Marekani wanaojenga kila mmoja uwanja wa mtaani kwake. Wengi wao wamestaafu na wana subira, na zana zao hazifichwi. QGIS ya kushughulikia vimo vya ardhi, Inkscape ya kuchora mipaka ya grini na mabanka, Blender ya kuunda maumbo na Unity ya kuunganisha vyote, zote zinapatikana bila kulipa. Mimi nimelipia bando tu, na umeme.

Tofauti yangu na mstaafu wa Uingereza inaanzia kwenye ardhi yenyewe. Kule ndege imeshapita juu ya uwanja wake ikimimina miale ya leza mamilioni kwa mamilioni na kupokea mwangwi wake. Mwale mmoja unagonga jani, mwingine unapenya hadi chini, na kompyuta inatenganisha miti na udongo. Vipimo hivyo serikali imeviweka wazi, namba moja kwa kila mita moja au chini ya hapo. Mtu anavuta faili, anaona mpaka tuta dogo lililopo pembeni ya banka, na nusu ya kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Sisi huku tuna chombo cha Endeavour. Februari 2000 chombo hicho cha anga cha Marekani kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada, na ndicho kilichozaa faili langu. Ni kazi kubwa sana, siidharau. Karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia ilipimwa katika safari moja. Lakini ilipima namba moja kwa kila mita 30. Grini ya kawaida ina upana wa kama mita 20 hivi. Maana yake grini nzima, pamoja na ujanja wake wote unaomliza mchezaji, inaweza kuwa imepewa namba moja tu, tena isiyo na sentimita. Grini yenye mteremko wa asilimia 2 inashuka sentimita 40 kutoka upande huu hadi ule. Kwenye faili hilo ni sifuri.

Halafu kuna miti. Rada ile haikupenya majani vizuri, kwa hiyo ilichosoma ni vilele. Safu ya miti mikubwa iliyo pembeni ya uwanja inatokea kwenye kompyuta kama kilima laini, mithili ya blanketi lililotandikwa juu ya vyombo bila kuvitoa kwanza. Nilipofungua ardhi ya Jinja kwa mara ya kwanza kwenye skrini nilikuta kilima mahali ambapo nilikuwa nimekaa kivulini miaka ya shule, nikila mihogo ya kukaanga, na najua pale ni tambarare. Kazi ya kwanza ikawa kuvipunguza vilima vya uongo kimoja kimoja, nikilinganisha na picha za setilaiti: penye kijani kizito ondoa mita kumi, penye nyasi acha. Ziwa nalo limesawazishwa na watengenezaji wa faili likawa sahani moja yenye namba ileile kila mahali. Hilo halikunisumbua. Maji ndiyo kitu pekee humo kilicho kweli kwa urahisi.

Njia ya kisasa ya kuziba pengo hilo la vipimo ni droni. Zanzibar walifanya: kuanzia 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni ndogo juu ya Unguja na Pemba na kupata picha ambazo unahesabu minazi. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa sababu ya mafuriko, ulitembeza wanafunzi mitaa ya Tandale na kwingineko wakichora mitaro na nyumba kwenye ramani huria ya dunia. Uwanja wa gofu ungekuwa Tandale ningekuwa nimeshamaliza. Jinja ni habari nyingine. Droni Uganda inataka kibali, na hapo jirani kuna bwawa la umeme na daraja ambavyo askari wanavilinda. Mtu mwenye akili hatoi hata simu kupiga picha.

Aliyenitoa kwenye mkwamo ni shemeji yangu, fundi ujenzi. Nilikuwa namwonyesha grini yangu ya kwanza, bapa kama sakafu ya benki, nikimweleza kwamba sina kipimo cha sentimita. Akacheka. "Shemeji, wewe unasubiri ndege? Hiyo kazi ya paipu."

Aliyejenga nyumba Mwanza anaijua paipu hiyo. Mji wetu umekaa juu ya mawe, hakuna kiwanja kilicho sawa, na fundi hawezi kuanza msingi bila levo. Anachukua paipu nyembamba ya plastiki inayopitisha mwanga, anaijaza maji, anahakikisha hakuna povu hata moja ndani, na watu wawili wanashika ncha mbili. Maji yanasimama usawa mmoja pande zote mbili hata kama kuna jiwe, ukuta au bonde katikati. Ukiwa na rula kila upande, tofauti ya vimo unaisoma kwa milimita. Kosa lake kubwa ni povu, la pili ni mtu kuachia kidole kabla hujasoma. Nilinunua paipu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Igoma, nikaiviringisha, nikaitia kwenye begi la nguo.

Barabara ya Musoma inapita hapahapa, kwa hiyo safari ya Jinja kwangu haina mzunguko. Unapita Kisesa na Magu, Ghuba ya Speke ikiwa kushoto kwako, unavuka Sirari, unalala Kisumu ukichoka, kisha Busia, Iganga, Jinja. Yule John Hanning Speke tuliyeachiwa jina lake kwenye ghuba aliliona ziwa kutokea upande wetu wa Mwanza mwaka 1858, akarudi 1862 akaliona linapomwagikia Nile pale Jinja, na vitabu vikaandika kwamba amegundua. Wasukuma na Wasoga waliokuwa wakivua humo hawakuulizwa. Mimi njia hiyohiyo nimeipita na paipu ya maji.

Uwanjani niliomba ruhusa nikapewa asubuhi ya katikati ya wiki, wakati wachezaji ni wachache. Aliyenishikia ncha ya pili ni mjukuu wa kedi mmoja mkongwe, mzee ambaye Kiswahili chake alikipata jeshini na bado anakitumia kama amri ya gwaride. Tulitandika uzi wenye mafundo kila mita mbili, tukapima fundo kwa fundo, mzee amekaa pembeni akitukosoa. Katikati ya kazi aliniambia jambo ambalo kila kedi wa pale hulifundishwa siku ya kwanza: "Kijana, usitazame majani, tazama mto. Mpira wa hapa unakwenda kunywa maji." Macho yakikuambia mpira utakata kulia, na Nile iko kushoto, amini Nile.

Nilivutiwa kuona paipu itasema nini. Grini nyingi tulizopima zilimuunga mkono mzee. Mteremko mkubwa wa uwanja mzima unamdanganya mchezaji, kwa sababu jicho lililozoea ardhi iliyoinama huiona grini iliyoinama kidogo kuwa imenyooka. Lakini palikuwa na moja ambayo kona yake ya nyuma ilikataa. Maji kwenye paipu yalionyesha kwamba pale mpira unaupa mto mgongo, kwa sentimita chache zisizoonekana. Mzee aliinuka, akaja kusoma rula mwenyewe, akasoma tena. Akasema hiyo wameifanya waliotengeneza upya, si Mungu. Kisha akamwambia mjukuu wake asimwambie mtu mwingine, kwa sababu siri ya namna hiyo ina bei siku ya mashindano. Ndiyo maana siandiki hapa ni grini ya ngapi.

Sasa hapa ndipo mchezo wa kompyuta unapoanza kuwa mgumu kwa namna ambayo watengenezaji wake hawakuwaza. Ardhi nimeipata. Je, kiboko nimweke wapi?

Jinja inajulikana na wachezaji wa gofu duniani kwa kanuni moja ya uwanja: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa na kuudondosha pembeni bila adhabu. Kisumu, kwenye uwanja wa Nyanza, ng'ambo hii ya ziwa, kuna kanuni yao mashuhuri ya tangu zamani: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, unadondosha mwingine mahali salama, si karibu zaidi na shimo, na huadhibiwi. Wageni huzisoma kama vichekesho na kuzipiga picha. Mimi naziona kuwa sheria zilizoandikwa kwa akili sana. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na nyasi tamu kuliko zote kando ya maji ni zile zinazomwagiliwa na kukatwa kila siku na watu wengine. Mnyama wa tani moja na nusu au zaidi akipita kwenye udongo uliolowa mvua anaacha shimo ambalo mpira unazama wote. Kanuni za kimataifa zinamsaidia mchezaji aliyeangukia shimo lililochimbwa na mnyama, lakini kiboko hakuchimba, amekanyaga tu. Bila kanuni ya uwanja, mchezaji angelipishwa pigo kwa sababu ya mlo wa usiku wa mnyama. Mwaka 2019 kanuni kuu za gofu ziliandikwa upya na zina kifungu cha wanyama hatari, namba 16.2, chenye roho ileile ya Kisumu: usilazimike kucheza kando ya nyoka au mamba.

Kompyuta inaelewa aina za ardhi. Unapaka rangi: hii grini, hizi nyasi fupi, hizi nyasi ndefu, hili banka, haya maji, huku nje ya mpaka. Kila rangi ina tabia yake ya kudunda na kuviringisha, na baadhi zina adhabu. Rangi ya kumsamehe mtu sikuiona. Nilichonga nyayo chache kwenye njia ya nyasi iliyo upande wa chini, ukubwa wa sahani, kina cha kutosha kumeza mpira, na mchezo ukazikubali kuwa ni mabonde ya kawaida: mpira ukiingia, upige kutoka humo. Nilijaribu kuzizungushia maji yasiyoonekana ili mchezo uutoe mpira wenyewe. Ukautoa, na pigo la adhabu juu. Mwishowe nikaziacha nyayo, na kwenye maelezo ya uwanja nikaandika kwamba atakayeingia humo ajisamehe mwenyewe na ahesabu kwa uaminifu. Ndivyo gofu halisi inavyochezwa, hata hivyo. Hakuna refa anayekufuata.

Shughuli iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya kuchagua mwaka. Mjenzi wa Scotland hana shida hii kwa kiwango chetu, kwa sababu bahari yake inapanda na kushuka kila siku na kurudi palepale. Ziwa letu linahama na kukaa. Mwaka 2006 lilishuka sana hadi magati yakabaki yakining'inia juu ya matope. Mei 2020, baada ya mvua nyingi, kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, na 2024 maji yakapanda zaidi ya hapo. Kati ya chini ya 2006 na juu ya 2020 ni karibu mita 3. Kando ya ziwa Mwanza watu walihama, Kisumu vivyo hivyo, na pale kwenye chanzo cha Nile sehemu za ukingoni walizozoea watalii zililala chini ya maji. Vimo vyangu ni vya mwaka 2000. Picha za setilaiti ninazochorea ni mchanganyiko wa miaka, hii ya ukame, ile ya mafuriko, na ukivuka mstari wa kuunganishia picha unaona mwambao umeruka. Paipu yangu imepima udongo wa juzijuzi. Kumbukumbu zangu ni za shule.

Niliamua maji yawe ya 2020, kwa sababu ndiyo niliyoyaona nikiwa mtu mzima na ndiyo yaliyonitisha. Miti nimeiacha ya wakati wa shule. Mzee alinitajia mmoja mkubwa ulioangushwa, akanionyesha kisiki chake, na mimi nikaurudisha, kwa sababu kivuli chake ndicho nilichokilia ile mihogo. Msomaji mkali atasema uwanja wa namna hiyo haujawahi kuwapo siku hata moja. Ni kweli. Lakini hata uwanja uliopimwa kwa leza ni wa asubuhi moja tu ambayo ndege ilipita. Jioni yake mfanyakazi kahamisha kitundu cha grini, kama wanavyofanya kila mara ili nyasi zipumzike.

Miti yenyewe nayo ni hadithi. Vifurushi vya mimea vya michezo hii vinatengenezwa kwa ajili ya Florida na Scotland. Ukichagua mandhari ya kitropiki unaletewa minazi ya ufukwe wa bahari, na Jinja haiko pwani. Mvule hamna. Mwembe nilioukuta ulikuwa na umbo la mchungwa. Nikatengeneza mvule wangu katika Blender, shina lake refu lililonyooka na mwavuli wa majani juu, na ingawa mtaalamu wa misitu atanicheka, kivuli chake kinaanguka inavyotakiwa. Kivuli kilinipa somo jingine: pale ni karibu kabisa na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, na kila kitu kinakuwa bapa machoni hata kama kina mabonde. Michezo mingi hupenda jua la pembeni la jioni, kwa sababu linapendeza na linaonyesha kila tuta. Niliweka la saa sita. Wachezaji wanalalamika kwamba hawaoni mteremko, nami nawajibu kwamba hata Jinja hauonekani.

Upepo ulikuwa rahisi. Mtu wa Mwanza anaujua: mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Programu ikaniuliza pia kimo kutoka usawa wa bahari, nikajaza kwa kuanzia mita 1,134 za ziwa. Hewa ya juu ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Mjini Denver, kwenye mita 1,600, wachezaji huhesabu karibu asilimia 10 ya ziada. Kwetu ziada ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo, na kedi mzuri anaijua bila kuambiwa mita.

Kedi ndiye hasa asiyekuwamo. Mzee nilimpelekea laptopu safari iliyofuata, akapiga mashimo mawili kwa kubonyeza kitufe, akaridhika na grini yake yenye siri. Kisha akauliza swali la kazi: "Humu ndani mkoba anabeba nani, na analipwa ngapi?" Nikamwambia mkoba unaelea. Hakulipenda jibu hilo, na mimi silipendi. Nimewaza kuweka umbo la mtu anayetembea kando ya mchezaji na kumnong'oneza kuhusu mto, lakini Unity inataka mtu huyo afundishwe kutembea kwenye mteremko bila kuzama ardhini, na bado sijafika huko.

Hapa Igoma wachezaji wangu wakuu ni vijana wa boda wanaosubiri abiria nje ya duka. Wao walizoea michezo ya mabasi ya simu, ile ya Indonesia ambayo Watanzania wameipaka rangi za mabasi yetu ya mikoani, na walishangaa mchezo ambao hauna honi. Gofu yenyewe iliwashika kwa muda mfupi tu. Siku moja mmoja wao aligeuka pale kwenye kijukwaa cha juu, akaacha njia ya nyasi, akapiga kuelekea mtoni. Tangu siku hiyo ndio mchezo wao: nani ataurusha mpira uvuke Nile. Mchezo unawahesabia nje ya mpaka, wanaongezewa adhabu, hawajali. Ng'ambo ile sikuwa nimeijenga, ilikuwa ukungu mtupu, ikabidi nirudi kwenye N00E033 na kutoa namba nyingine, nikapandisha ukingo wa magharibi, miti kadhaa, na mnara wa kumbukumbu ya Speke uliopo kule. Walitaka shabaha. Anayekosa mnara ananunua soda, na mpaka sasa soda zimenunuliwa nyingi.